Kikohozi Kilichosubiri Siku ya Soko

Juzi asubuhi, pale Makutano, mama mmoja alitandaza gunia karibu na kibanda changu cha viatu vya mitumba, akapanga juu yake majani ya mkaratusi. Alikuwa ameyafunga vifungu vifungu kwa kamba za migomba, kama mboga. Nikamwuliza kama majani hayo yameteremka kutoka mbinguni au ni yale yale ya kwenye ua wa watu.

"Ni ya homa," akanijibu bila kucheka. "Unachemsha, unajifunika blanketi, unavuta mvuke."

Nikamwambia najua, nimeuvuta mvuke huo kabla yeye hajazaliwa.

"Basi kama unajua, nunua."

Tulivutana mpaka mteja wangu mmoja akachoka kungoja, akaenda zake na kuniachia mguu mmoja wa kiatu mkononi. Mwishowe nilichukua kifungu kimoja, naye akaniongezea kingine, maana mimi siondoki mbele ya bidhaa bila nyongeza. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba sina mgonjwa. Wanangu walikuwa wazima, wanapigana. Nilikuwa nimenunua harufu, na katika miaka yangu yote ya biashara sijawahi kununua kitu kisicho na maana kama hicho.

Lakini nikayachemsha, yasioze. Harufu ikajaza nyumba, na kabla sijaweka kifuniko vizuri nilikuwa tayari Kanja, upande wa Embu, jikoni kwa Cucu. Cucu ni nyanya yangu mzaa baba, na mimi ndiye niliyepewa jina lake, kama desturi ilivyo, kwa hiyo yeye hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita wajina. Aliita kwa sauti ya mtu anayetafuta mbuzi aliyeingia shambani kwa jirani.

Wenzangu mliokulia kwenye baridi ile ya chini ya mlima hamhitaji kuelezwa. Kuna miezi ambayo ukungu hulala juu ya majani chai mpaka saa ya chakula cha mchana, na jua likitokea, linatokea kama mtu aliyepita tu kuomba radhi. Mwalimu wetu akiuliza swali, kabla jibu halijapatikana kikohozi kimeshazunguka madawati yote na kurudi mbele. Sweta zetu zilikuwa za kijani, ila mkono wa kulia, kutoka kiwiko kwenda chini, ulikuwa na rangi yake yenyewe na uling'aa, kwa sababu kitambaa cha kupengea kamasi tulikiona kwenye picha za kitabu cha usafi tu. Homa kwetu haikuwa ugonjwa. Ilikuwa msimu, kama msimu wa mahindi, na kila nyumba ilivuna.

Cucu alikuwa na utaratibu wake, na haukuruka hatua. Limau lilizikwa kwenye jivu la moto mpaka likatoa machozi, kisha likakamuliwa kikombeni pamoja na asali. Tangawizi ilipondwa kwa jiwe. Kifua kilipakwa mafuta ya ng'ombe yaliyopashwa, na baada ya hapo paka alinifuata mchana kutwa kama mtu anayenidai. Ukiwa bado unakoroma kama trekta, ndipo lilipokuja blanketi. Sufuria ya mkaratusi uliochemka iliwekwa chini, blanketi la kijivu likafunika sufuria, mimi, na Cucu mwenyewe, maana aliamini mtoto akiachwa peke yake humo ndani atatoa kichwa nje kuiba hewa. Aliamini sawasawa. Leo najua kwamba sufuria ya maji moto na mtoto anayejipindapinda hawafai kukaa pamoja, na wangu sijawahi kuwafunika hivyo. Ila siwezi kudanganya kwamba niliteseka. Humo ndani, gizani, jasho likitutiririka wote wawili, ndimo Cucu alimonisimulia ni nani amekosana na nani, na ni kwa ajili ya mpaka gani wa shamba. Nilitoka pua ikiwa wazi na kichwa kikiwa kimejaa siri za watu wazima.

Sasa lazima mjue kazi yangu katika nyumba hiyo. Cucu aliuza ndizi na nduma sokoni. Wanunuzi wakubwa walikuwa mabroka waliokuja na malori kutoka Nairobi, na mabroka hawakujua Kiembu. Nyumbani sisi hatukuzungumza kingine. Cucu, kwa Kiswahili, alikuwa na neno moja analoliamini, "hapana," na mengine machache aliyoyatumia akibanwa. Mimi nilikuwa nimeanza kukipata Kiswahili shuleni, na nilikipata kwa tamaa. Basi siku za soko nilisimama mbele ya ndizi, Cucu nyuma yangu na mkono wake begani kwangu. Akinifinya, bei bado. Akinipapasa mgongo, tumeuza.

"Wewe katoto," broka mmoja aliniambia mara ya kwanza, "nenda ulete mtu mkubwa tuongee."

"Mtu mkubwa ni huyu nyuma yangu. Lakini yeye anajua kusema hapana tu. Ongea na mimi, mimi najua maneno mengine."

Watu walicheka, na tangu siku hiyo nilikuwa mtu. Sikuwa mrembo kama dada za watu, na hesabu za darasani zilinipiga chenga. Lakini sokoni Kanja, mkungu wa ndizi ukiwa mbele yangu, wanaume wenye malori walinisikiliza. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa mali yangu yote.

Homa ya mwaka ninaousimulia ilikuja kama dada zake. Kamasi ikatiririka, ikaganda, ikakauka. Joto likashuka. Nikarudi kula. Kikohozi peke yake ndicho kilichokataa kuondoka. Kilibaki kama mgeni ambaye mmemsindikiza mpaka langoni, halafu akakumbuka hadithi nyingine. Kilianza kukwaruza sauti, kisha kikaimaliza. Siku ya soko nilifungua kinywa kumwambia broka aongeze, ikatoka hewa. Cucu akanifinya. Nikatoa hewa nyingine. Broka akacheka, akamgeukia Cucu, naye Cucu akalisema neno lake, akalisema tena, na ndizi zikarudi nyumbani kama zilivyokwenda.

Kesho yake Cucu alinikalisha mlangoni pa jikoni penye mwanga, akanibonyeza ulimi kwa mpini wa kijiko, akachungulia kama mtu anayetafuta mahali chungu kinapovuja.

"Ndicho hiki," akasema. "Kilimi kimeanguka."

Kilimi ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, juu ya koo. Kwetu iliaminika kwamba kikohozi cha mtoto kikikaa sana, mwenye makosa ni kilimi. Kimerefuka, kimeteremka, na sasa kinatekenya koo. Dawa yake ilikuwa kukikata. Kila siku ya soko alikuja mzee mmoja, akaketi kwenye kibao nje ya mashine ya kusaga mahindi, na mkobani mwake mlikuwa na kisu kidogo kilichopinda kama mundu. Wazazi walimpelekea watoto kama sisi tunavyopeleka viatu kwa fundi.

Nilijua habari zake, kwa sababu muhula uliopita alikatwa Nyaga, mtoto wa jirani tuliyekaa naye dawati moja. Niliona kitambaa kwenye ua wao wa michongoma, kimefuliwa lakini doa limebaki. Nilisikia damu ilikataa kukoma, wakamkimbiza hospitali kubwa mjini, akalala huko. Aliporudi shuleni alikuwa amefungwa skafu shingoni, na hakusema neno. Mwalimu alimwuliza swali, akatikisa kichwa. Mimi nilimwuliza kama damu ina ladha gani, akatikisa kichwa. Siku zikapita, Nyaga kimya, anatikisa kichwa kama kinyonga. Nikafanya hesabu yangu: Nyaga alikuwa na kilimi, alisema. Nyaga hana kilimi, hasemi. Nikaifanya tena kuanzia chini kwenda juu, jibu likawa lile lile. Sauti ya mtu inakaa kwenye kilimi. Ukikikata, umeikata.

Cucu alitaka sauti yangu irudi, ndiyo maana alitaka kisu. Mimi nilitaka sauti yangu irudi, ndiyo maana nilikiogopa. Tulikuwa upande mmoja na hatukujua.

Mama alirudi kutoka kuchuma majani chai, kikapu mgongoni, nguo zimelowa mpaka magotini. Cucu hakungoja ashushe mzigo.

"Siku ya soko nampeleka huyu kwa mzee."

Mama alikuwa mke wa mwanawe, na baba alikuwa mbali kazini. Mke wa mtoto hakumwambia mama mkwe hapana, na Mama hakusema hapana. Alishusha kikapu polepole.

"Sawa, Mama. Wewe ndiye umetulea sote. Lakini si siku ya soko bado iko mbele? Mpeleke kwanza dispensari, yule daktari amwangalie tu. Akishindwa, hakuna mtu wa kutulaumu."

"Atamwangalia na nini? Yule ni mtoto. Hata ndevu hana."

"Macho anayo, Mama."

Cucu akaligeuzageuza neno hilo. "Na akishindwa?"

"Akishindwa, kisu."

Nimenunua mali kwa watu wa Nairobi wenye roho ngumu, na bado sijasikia mtu akiomba apunguziwe kwa adabu kama ile. Lakini siku ile, mlangoni pa jikoni, mimi nilisikia neno la mwisho tu.

Kwa hiyo niliamua kupona mara moja. Nilianza kumeza vikohozi. Kikija, ninafunga mdomo, ninafumba macho, ninakisukuma chini kama kidonge kichungu. Kanisani nilimeza kutoka wimbo wa kwanza mpaka sadaka, machozi yananitoka, na mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba mtoto huyu ameguswa na neno. Mahubiri yalipofika katikati, vikohozi vyote nilivyovimeza vikatoka kwa pamoja. Mchungaji akanyamaza. Cucu akanitazama kwa huruma kubwa, na huruma yake ndiyo iliyoniogopesha.

Siku tuliyokwenda dispensari tulikaa kwenye benchi refu la nje, katikati ya kina mama na watoto wao, kila mtoto na mshumaa wake wa kamasi. Daktari alikuwa kijana mgeni kutoka upande wa Maua, hajui Kiembu. Cucu alinisukuma mbele ili nimsemee, kama sokoni. Mimi nikafunga mdomo. Nani angefungua mdomo mwenyewe mbele ya mtu mwenye kijiti na tochi? Nilishajua huyu na yule mzee wana kazi moja, ila huyu amepata koti.

Cucu akaona nimemwangusha, akaingia kwenye Kiswahili kwa miguu yake mwenyewe.

"Daktari, hii mtoto iko na kitu kwa koo. Inaning'inia. Sisi tunataka kukata. Lakini mama yake anasema uone kwanza. Sasa wewe ona, halafu sisi twende tukate."

"Sawa, shosho. Wacha nione kwanza, hiyo ya kukata tutaongea."

Aliuliza mambo mengi: kilianza lini, ninakula, ninakunywa, ninacheza, kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa siku nyingi? Kisha akanifungua vifungo vya sweta, akashika saa yake, akatazama kifua changu bila kunigusa. Nikazuia pumzi.

"Pumua, mama. Nahesabu vile unapumua."

Nikapumua. Alihesabu mpaka mwisho, na kwa kuwa nilikuwa nimemharibia, akahesabu tena. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini kidogo. Mtu anayehesabu mara mbili hawezi kuwa mbaya kabisa.

Halafu akachukua kijiti. "Fungua mdomo, sema aaa."

Nikatikisa kichwa.

"Fungua tu. Mimi sina kisu."

Mwenye kisu angesema nini kingine? Nikajibu kwa meno yaliyofungwa, na sauti ile ile ya hewa. "Wewe kwanza."

"Wajina!" Cucu akaruka, kwa Kiembu. "Unaniaibisha mbele ya daktari!"

Lakini kijana yule alicheka. Alinipa tochi, akachuchumaa mpaka kichwa chake kikawa chini ya changu, akafungua. Nikamulika. Palikuwa na meno, palikuwa na ulimi, na kule nyuma kabisa kilimi chake kilikuwa kimening'inia chote, kinene, kama tone la asali linalokataa kudondoka.

"Uko nacho!"

"Niko nacho."

"Ni kirefu kuliko changu?"

"Labda. Changu hakijakatwa."

"Na hukohoi?"

"Nikishikwa na homa nakohoa. Ikienda, baadaye naacha."

Jibu hilo nikaliweka akiba. Kisha, kwa kuwa tochi ilikuwa bado mkononi na bidhaa huwezi kujua bei yake kabla hujaona ya kibanda cha pili, nikamgeukia Cucu.

"Na wewe, Cucu. Fungua."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani hakutaka kuonekana ameshindwa ujasiri na kijana asiye na ndevu. Alifungua, nikamulika, nikatafuta. Nyuma kule palikuwa patupu.

"Cucu, chako kiko wapi?"

"Kilikatwa. Nilikuwa mdogo kuliko wewe."

Mambo mawili yalinijia kwa pamoja. La kwanza lilikuwa furaha. Cucu hakuwa na kilimi, na Cucu alisema kuanzia jogoo wa kwanza mpaka taa inazimwa, akiwa na mtu au peke yake. Basi sauti haikai pale. Nyaga ana sababu zake. Jambo la pili lilikuja nyuma kidogo, na nikalisema kabla sijalipima.

"Sasa, Cucu, ulikatwa, na mbona kila baridi ikija unakohoa mpaka kuku wanaamka?"

Daktari hakujua Kiembu, lakini alitabasamu kama mtu aliyetafsiriwa. Cucu alinitazama. Alitazama tochi. Yeye alikuwa mfanyabiashara tangu kabla ya baba yangu kuzaliwa, na mfanyabiashara hakosi jibu.

"Nisingekatwa," akasema, "ningekohoa zaidi."

Mpaka leo sijapata namna ya kulishinda jibu hilo.

Nilifungua mdomo basi, nikasema aaa ya hewa. Daktari akaangalia koo, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akaangalia masikio. Akamwambia Cucu polepole kwamba kilimi changu hakina kosa lolote, kwamba kifua ni safi na pumzi zangu ni nzuri. Ilikuwa homa ya kawaida, nayo imekwisha, ila koo bado limechubuka ndani, na kikohozi cha namna hii huchelewa kuondoka. Kitaondoka chenyewe.

"Sasa dawa?" Cucu akauliza.

"Hakuna dawa ya hii, shosho. Apewe maji, uji, supu, limau na asali. Alale vizuri. Na asikae na moshi jikoni."

"Hata sindano?"

"Hata sindano."

"Basi ile ya chupa, ile tamu. Kidogo tu, ya kubeba."

"Haitamsaidia. Lakini ukiona anapumua haraka haraka, ama kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, ama amekataa kunywa, ama amelegea hataki kuamka, usingoje siku ya soko. Umlete hapa siku hiyo hiyo." Akaongeza: "Na ile sufuria ya mvuke, mtoto asikae juu yake, ataungua. Na kisu, shosho, nakuomba. Damu ya huko ndani huwezi kuifunga na kitambaa."

Kwa hilo la mwisho Cucu alianza kunifunga vifungo vya sweta. Nyumba ya kina Nyaga ilionekana kutoka mlangoni kwetu.

Njiani tulipita mashamba matatu. Kisha akaliambia shamba la nne, "Tumekwenda na kikohozi, tumerudi na kikohozi na maneno." Mama alipouliza daktari amesema nini, Cucu akasema amesema tungoje. Mama akasema basi tungoje.

"Mpaka siku ya soko," Cucu akasema.

Kwa hiyo kisu hakikuwa kimeondoka. Kilikuwa kimeahirishwa.

Siku zile za kungoja ninazikumbuka kwa utamu ambao sitarajii mtu aniamini. Nililazwa kwenye kitanda cha Cucu, karibu na dirisha, mbali na moshi. Limau lilizikwa jivuni asubuhi na jioni. Kuku mmoja aliyekuwa na tabia ya kula mayai yake aligeuzwa supu. Sufuria ya mkaratusi ilisukumwa ikachemke pembeni kabisa, bila mtoto wala blanketi. Cucu alieleza kwamba ni kwa ajili ya kuokoa kuni, si kwa ajili ya daktari. Mimi nilihesabu vikohozi vyangu, Cucu alivihesabu pia, na jioni hesabu zetu hazikulingana hata mara moja. Tulibishana kama watu wawili wanaopima mpaka, huyu akiongeza hatua na huyu akipunguza. Yeye alitaka kukihesabu hata nilichokohoa kwa kupaliwa na uji.

"Hicho ni cha uji, Cucu."

"Kikohozi hakina kabila. Naandika."

Hakujua kuandika, lakini hofu ilinishika vile vile.

Nilipoweza kutoka nilitumwa maziwa kwa kina Nyaga. Yeye ndiye aliyefungua mlango, skafu shingoni, na mimi kwa mazoea nikamtazama nikingoja atikise kichwa.

"Mnataka kibuyu ama nusu?" akasema.

Nusura niangushe kibuyu. "Kumbe unaongea?"

"Si mimi huongea siku zote."

"Na shuleni?"

Nyaga alitazama nyuma, akateremsha sauti. Mwanzoni koo lilimuuma kweli, akasema, hata mate yalikuwa kama miiba. Halafu liliacha. Lakini mama yake alikuwa amezoea kumpa yai kila siku asiposema, na mwalimu alikuwa ameacha kumwuliza hesabu. Angefungua mdomo kwa faida gani? Nilimheshimu Nyaga siku hiyo kuliko wakati wowote. Kisha akageuka kwenda kuleta maziwa, na nikamsikia huko ndani akikohoa, kikohozi kirefu, kilekile cha muhula uliopita.

Sikumwambia Cucu. Hakukuwa na haja, nyumba zilikuwa karibu na Cucu alikuwa na masikio.

Siku ya soko ilifika na ukungu wake. Tangu uji wa asubuhi sikuwa nimekohoa, na nilitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai kifuani. Mama alinifunga shuka shingoni, akaikaza mara ya pili. Cucu hakusema tunakwenda kuuza au kukata. Alinishika mkono tu.

Broka alikuwa yule yule aliyecheka. "Leo umekuja na sauti, ama umeiacha nyumbani?"

"Nimekuja nayo," nikasema, na wote tukashtuka, maana ilitoka nzito, ya chini, kama ya mzee wa besi katika kwaya. Broka alirudi nyuma hatua moja. Nikaona hiyo ni faida, nikaitumia. Nilimwambia ndizi hizi zimeongezewa wiki nzima ya kunenepa tangu alipozikataa. Alilia, alicheka, aliapa kwa mama yake, alienda akarudi. Cucu alifinya, akafinya, na mwishowe nikahisi mkono wake mgongoni.

Mikungu ikapakiwa. Cucu alifunga pesa kwenye pindo la leso, akanishika mkono tena, na tukaanza kutembea kuelekea kwenye mashine ya kusaga.

Miguu yangu ilijua kabla yangu. Yule mzee alikuwa pale kwenye kibao chake, mkoba magotini, anatafuna kitu polepole, mpole kabisa. Mlangoni pa mashine vumbi la unga lilikuwa linatoka kama moshi mweupe. Niliwaza kuvuta mkono nikimbie. Niliwaza kumkumbusha Cucu mambo yote, daktari, tochi, Nyaga, kuku wanaoamka. Lakini ukifungua mdomo vumbi linaingia, na niliufungua.

Nilijaribu kukimeza. Nilifumba macho kama kanisani. Kikanishinda, kikatoka, kikubwa, cha siku zote nilizokizuia, hatua chache tu kutoka kwenye kibao.

Mzee akainua kichwa. "Nani huyo anakohoa hivyo?"

Cucu akasimama. Nilimwona akivuta pumzi mpaka leso ikapanda mabegani. Kisha akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha kuigiza. Alikitoa chini kabisa, kile cha baridi, cha kuamsha kuku, na watu wawili waliokuwa wamebeba magunia wakampisha njia.

"Ni mimi," akasema.

Mzee akamtazama kwa macho ya kazi. "Hicho ni cha kilimi, mama. Kaa hapa nikuone."

"Changu kilikatwa zamani," Cucu akamjibu, na tayari alikuwa ananisukuma mbele yake kuelekea mlangoni. "Na bado ni hivi."

Ndani, mashine ilikuwa inanguruma kiasi kwamba ng'ombe angezaa pale na mtu asisikie. Nilikohoa vyote nilivyokuwa nimeweka. Cucu alinunua debe la mahindi kwa mwenye mashine, akashikilia mdomo wa gunia wazi chini ya unga, akangoja nimalize, akanifuta pua kwa pindo la leso, ile sehemu isiyo na pesa, na akaniambia nishike upande wa pili.